Kasa, jarife na fidia ya mvuvi

Kulinda mayai ya kasa ufukweni ni kazi njema, ila hatari kubwa iko majini. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 au zaidi ndipo atage. Akinaswa kwenye jarife, wavu wa macho makubwa, hushindwa kupanda juu kuvuta pumzi, akafa na mayai yote ambayo angetaga maishani. Ndiyo maana mpango wa Watamu, Kenya, wa kumfidia mvuvi anayetoa taarifa ya kasa aliyenaswa, una mantiki. Wapo wanaodai kwamba fidia itawashawishi wavuvi kuwatega makusudi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini fidia yenyewe ni ya kufuta jasho tu, na kasa huvalishwa pezini kibati chenye namba kabla ya kuachiliwa, kwa hiyo akirudishwa hujulikana.