Mbegu Bora ni Bora Wapi? Maelezo juu ya Uundaji wa Aina za Mimea ya Mafuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza, kwa ajili ya watu wa lugha, jinsi mbegu za mimea ya mafuta zinavyotafutwa na kuundwa ili zilingane na nchi zitakamopandwa. Na kupima kama maneno tuyatumiayo katika Kiswahili yaieleza kazi hiyo sawasawa. Huenda msomaji akaona kwamba habari za karanga, ufuta na alizeti ni za mabwana shamba, wala si za wanaisimu. Lakini maarifa ya mtafiti humfikia mkulima kwa maneno. Na neno likiwa na kasoro, hasara yake huonekana shambani kabla haijaonekana katika kamusi.

I. Neno "mbegu" na neno "bora"

Neno "mbegu" lina maana tatu zilizo karibu karibu. Ya kwanza ni punje ipandwayo. Ya pili ni nasaba, kama tusemapo "dume la mbegu", yaani dume lililowekwa kwa ajili ya kuzalisha. Ya tatu ni aina ya mmea yenye tabia zake, kama mtu aulizapo, "Hii ni mbegu gani?" hali punje zenyewe anaziona mkononi.

Likiongezwa neno "bora", utata huzidi. "Mbegu bora" zaweza kuwa punje safi, kavu, zisizochanganyika, ambazo karibu zote zitaota. Huo ni ubora wa punje, nao hupimwa mezani. Lakini "mbegu bora" ni pia jina la aina mpya iliyotoka kwa watafiti. Huo ni ubora wa nasaba, nao haupimiki ila mahali fulani, katika udongo fulani na mvua fulani. Mfuko mmoja waweza kuwa na ubora wa kwanza kwa ukamilifu, na ukaukosa wa pili kabisa.

Tena, "bora" kwa asili ya matumizi yake ni neno la kulinganisha: kitu ni bora kuliko kingine. "Kuliko" ikiachwa, msikilizaji hudhani kwamba ubora umo ndani ya kitu chenyewe, na utakwenda nacho popote kiendako. Tutaona katika mimea mitatu kwamba sivyo.

II. Karanga

Karanga hutoa ua juu ya ardhi, kisha hutoa kijiti chembamba mfano wa sindano kiingiacho udongoni, na tunda hukua humo. Kwa hiyo udongo hauna budi kuwa laini mara mbili: wakati wa kupokea kile kijiti, na wakati wa kung'oa. Jambo hili ni mojawapo ya yale yaliyouangusha Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Mpango huo ulianza mwaka 1947, ukikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nao uliachwa mwaka 1951 baada ya kula karibu pauni milioni 36. Huko Kongwa mvua hazikutimia, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zilizokuwamo zising'oleke. Ziko sababu nyingine nyingi za anguko lile, za mashine na za utawala. Lakini funzo linalotuhusu hapa ni kwamba mmea ulio mwema haukuulizwa kwanza kama unapatana na mahali pale.

Karanga zenyewe ni za jamii mbili kubwa. Ziko za kusimama, ambazo aghalabu hukomaa kwa siku 90 hadi 110. Na ziko zinazotambaa au kutanda, ambazo huhitaji siku 120 au zaidi. Katika nchi kama Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua, tena mfupi, za kusimama ndizo zifaazo. Pendo, aina iliyotolewa nchini Tanzania mwaka 1998, ni ya jamii hiyo. Lakini za kusimama zina tabia moja: punje zake hazilali. Zikikomaa hali mvua ingali ikinyesha, huota humo humo ardhini kabla ya kuvunwa. Zile za kutambaa punje zake hulala majuma kadhaa, nazo huingoja mvua iishe. Basi wepesi ule ule wa kuota na kukomaa ni sifa penye mvua fupi, na ni aibu penye mvua ndefu. Ipi iliyo bora? Swali halijibiki mpaka mahali patajwe.

Mfano wa pili ni ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari, ambao huudumaza mmea hata usizae. Mwaka 1952 ugonjwa huu ulipoharibu mkusanyo wa mbegu huko Senegal, zilionekana karanga kadhaa zilizosimama salama, na asili yake ilikuwa nchi za mpakani baina ya Burkina Faso na Kodivaa za leo. Ustahimilivu wake ulionekana kutokana na jeni mbili za kujificha, yaani jeni zisizoonyesha nguvu zake mpaka mmea uzipokee kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo mtafiti achanganyapo karanga hizi na nyingine zisizostahimili, uzao wa kwanza wote huugua. Katika uzao wa pili, kwa wastani, mmea 1 katika kila 16 ndio hupona. Mtu asiyejua hesabu hii angelitupa uzao wa kwanza, na hazina pamoja nao.

Walakini karanga zile zilikuwa za kuchelewa kukomaa. Mkulima wa mvua fupi angepona rozeti akauawa na ukame. Ikabidi watafiti wachukue miaka mingi kuuhamisha ustahimilivu huo katika karanga za kukomaa upesi: jioni huondoa viungo vya kiume katika ua lisilofunguka bado, asubuhi hutia chavua ya mmea mwingine, kisha huchagua kizazi baada ya kizazi hadi tabia zitulie, na mwishowe huzijaribu mahali pengi kwa misimu kadhaa.

III. Ufuta

Ufuta, ambao jina lake ni la shina moja na "mafuta", hukomaa kuanzia chini kwenda juu, na maganda yake hupasuka na kumwaga punje. Mwaka 1943 D. G. Langham aliona huko Venezuela mmea wa ufuta ambao maganda yake hayakupasuka. Habari hii iliwafurahisha waliotaka kuvuna kwa mashine. Lakini ganda lisilopasuka ni gumu kupura, na kwa mtu apuraye kwa fimbo ni mzigo.

Wakulima wa Lindi na Mtwara hukata ufuta kabla maganda hayajafunguka, huufunga matita, huusimamisha ukauke, kisha huupindua juu ya turubai na kuupigapiga. Kwao ganda lifungukalo kwa wakati wake ni msaada. Twaona basi kwamba "mahali" si mvua na udongo tu; ni pamoja na mikono na vyombo vya watu waliopo.

IV. Alizeti

Alizeti huchavushwa na nyuki, kutoka mmea hata mmea. Huko Krasnodar, Urusi, V. S. Pustovoit na wenzake, kwa kuchagua miaka mingi, waliongeza mafuta katika mbegu kutoka kadiri ya asilimia 30 hadi kupita asilimia 50. Aina iitwayo Record, iliyotoka Romania, imeenea sana Singida na Dodoma. Kwa kuwa si chotara, mkulima aweza kuweka mbegu yake mwenyewe, iwapo shamba liko mbali na alizeti nyingine.

Uundaji wa chotara ulifunguliwa na Leclercq wa Ufaransa mwaka 1969, alipoeleza alizeti isiyotoa chavua iliyo hai. Na Kinman wa Marekani mwaka 1970, alipoeleza jeni ziirudishazo nguvu hiyo. Chotara huzaa kwa wingi na kwa ulinganifu, lakini punje zake zikipandwa tena tabia hutawanyika. Kwa mwenye fedha na duka la karibu yaweza kuwa ndiyo ifaayo. Kwa aliye mbali na vyote viwili, huenda isiwe. Hata mafuta yenyewe hubadilika kwa mahali: mbegu ya alizeti ya kawaida ikikomaa penye joto huwa na asidi ya oleiki zaidi, na penye baridi asidi ya linoleiki zaidi.

V. Juu ya msamiati

Katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania mtaalamu wa kazi hii huitwa "mgunduzi wa mbegu". Kugundua ni kukiona kilichokuwapo na kufichika. Neno hili lafaa kwa karanga za mwaka 1952 na kwa ufuta wa Langham, kwani vitu vile vilikuwapo. Halitoshi kwa kazi ya kuchanganya na kuchagua, ambayo huleta kitu kisichokuwapo. "Kuzalisha" nalo hutumika kwa kazi mbili: kuleta aina mpya, na kuzidisha punje za aina iliyokwisha kupatikana. Mkunga huzalisha, lakini hamchagui mtoto. Naona ingefaa "kuzalisha" libaki kwa kuzidisha punje, na kazi ya kuleta aina mpya iitwe "kuunda aina".

Majina ya aina nayo yataka hadhari. Karanga zilizotolewa mwaka 2009 ziliitwa Mnanje, Mangaka, Masasi, Nachingwea na Naliendele, yote majina ya mahali pa Mtwara na Lindi. Ni majina ya heshima, wala si cheti kwamba karanga hizo zafaa huko tu, au kwamba zafaa kila mahali huko.

Mwisho, ni juu ya "bora" yenyewe. Kitenzi "-stahimili" hudai yambwa: kustahimili nini? Kitenzi "-faa" huvuta swali: kumfaa nani, na wapi? "Bora" haidai kitu. Kwa hiyo maandishi ya mfuko wa mbegu yakisema "mbegu bora" tu, sarufi haimlazimishi mwandishi kutaja mvua, udongo, siku za kukomaa wala ugonjwa. Akiandika "aina ifaayo penye mvua fupi na udongo mwepesi, yenye kustahimili rozeti", lugha yenyewe imemshurutisha kusema kweli. Neno "bora" na liachiwe punje safi zenye kuota; aina ya mmea na isemwe kwa "-faa" na kwa jina la mahali. Watungaji wa kamusi na wafasiri wa vijitabu vya kilimo waweza kulifanya hili bila gharama, na mkulima mwenye msimu mmoja tu kwa mwaka atajua, kabla ya kulipa, kile anachokipeleka shambani.