Kaa Rada na Dishi Yako

Msee akienda Gikomba kusaka raba hakurupuki. Anaigeuza, anacheki soli, anaikunja, ananusa gamu, anamuuliza muuzaji kama hiyo ni kamera ama imekanyagwa na watu kumi. Halafu jioni huyo huyo anashuka kwa stegi, anabeba sukuma ya mbao, nyanya za finje na unga, anaingia keja bila kuuliza hata swali moja. Na raba inakaa kwa mguu tu. Sukuma inaingia ndani ya mwili, wasee!

Tuanze na chipo, juu hiyo ndio dishi ya kila mtu mtaani. Januari 2022 KFC ya hapa Kenya iliishiwa na chipo. Wakasema mzigo umechelewa njiani, meli zimekwama juu ya korona. Hapo ndio mtaa ulishtuka: kumbe waru inavuka bahari, na Nyandarua ni safari ya asubuhi tu kutoka tao! Mtandao ukawaka moto, wasee wakaitisha boikoti, na haikuchukua muda kampuni ikasema itasaka wakulima wa hapa pia. Mimi naipenda sana hiyo stori. Mayuthi waliuliza waru imetoka wapi, na kampuni kubwa ikalazimika kujibu.

Lakini hata waru ya Nyandarua iko na mambo yake, na haya ndio wengi hatujui. Nyingi ni aina inaitwa Shangi. Watu wa chipo wanaipenda juu inaiva mbio. Shida ni kwamba Shangi haikai. Ukiichimba, wiki chache tu imeanza kuchipuka. Mkulima hana stoo ya baridi, na broka anajua hivyo, sasa anatokea na bei yake na gunia yake. Sheria ya 2019 inasema gunia ya waru isipite kilo 50. Broka anaunganisha kipande kingine juu, anashindilia hadi gunia inaota kichwa, anashona na kamba. Hiyo ndio lumbesa. Analipa pesa ya gunia moja, anabeba gunia na nusu. Buda ameinama kwa shamba miezi mitatu kwa baridi ya Kinangop huko Nyandarua, na hizo kilo za juu zinaenda bure. Si haki hata kidogo. Na sisi tunaokula hiyo waru tuko ndani ya hiyo mchezo, tujue tusijue.

Kitunguu nayo? Ile nyekundu, kubwa, kavu poa, mara nyingi imevuka Namanga. Kule Tanzania kuna mahali panaitwa Mang'ola, upande wa Karatu karibu na Ziwa Eyasi, watu huko wamebobea kwa vitunguu. Machungwa mengi ya Nairobi yanatoka Muheza, Tanga. Hakuna ubaya hapo, jirani anatulisha na tunamlipa. Ukijua hivyo, siku bei ya kitunguu ikiruka hutamkasirikia mama mboga. Utajua kuna kitu imetokea njiani, ama mvua imepiga shamba la mtu.

Sasa mchele. Kila duka iko na gunia imeandikwa pishori. Pishori ya ukweli ni ya Mwea, Kirinyaga, na mifereji ya kwanza ya skimu ya maji ya huko ilichimbwa na mikono ya wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950. Mchele mwingi tunaokula Kenya unatoka nje, Pakistan ikiwa mbele. Kuna wajanja wanachanganya, wanaandika Mwea, wanakuuzia bei ya Mwea. Pishori ukiipika jirani anajua, harufu inatoka hadi kwa ngazi. Kama nyumba haijanukia, kuna mtu amekucheza, na amemcheza pia mkulima wa Mwea.

Kwa unga hapo usilete mchezo kabisa. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa Ukambani, wengi Makueni na Kitui, juu ya mahindi iliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Kupika haimalizi hiyo sumu, hata ugali ikiiva vipi. Mahindi ikivunwa na unyevu, ikawekwa bila kukaushwa vizuri, kuvu inapata nyumba. Kama unapeleka yako kwa posho mill, ishike kwanza, ivunje na meno. Ikiwa laini ama imebadilika rangi, rudisha.

Na sukuma, hapa naongea na moyo. Kuna mashamba kando ya mito ya Nairobi yanamwagiliwa maji ya sewage, na hayo maji yamepita viwandani. Jani linatoka kubwa, kijani, linapendeza. Macho haiwezi kukuonyesha ilikunywa maji gani, na kuosha haitoi kile mmea umeshanyonya kwa mizizi. Kitu ya kukusaidia hapo ni mdomo wako, yaani kuuliza.

Mama mboga anaamka usiku wa manane, anadandia mat hadi soko ya Marikiti, anachagua mzigo kwa lori giza haijaisha. Anajua ni lori ya Kinale ama ya Limuru. Anajua nyanya ni za Kimana ama za Kirinyaga, na anajua zile zenye unga mweupe wa dawa bado juu. Hiyo yote iko kwa kichwa yake na hakuna mtu anamuuliza. Muulize na heshima: "Mathe, hii sukuma ni ya wapi?" Akikujibu mbio bila kufikiria, huyo ndio wako, mshikilie. Akisema hajui, mwambie kesho akuulizie. Mkiwa wateja kumi mnauliza hivyo kwa kibanda moja, yeye pia ataanza kuuliza kule Marikiti, na broka atalazimika kuwa na jibu. Kwa hivyo leo jioni kabla hujatoa ile mbao, uliza.