Gemu ya Model Town: Vile Unatengeneza Kozi ya Simu Bila Kujua Koding

2020 masomo yakisimama juu ya Korona, koleji nilikuwa ilitutumia PDF ya kurasa 80 kwa WhatsApp, ikasema hiyo ndio klasi ya online. Nilifika ukurasa wa 6. Sikuwahi rudi (fee pia ilichangia, tusidanganyane).

Sasa juzi maboy wa nduthi hapa stage ya Kabiria walikuwa wanajipanga kwa testi ya NTSA. Unajua ile ubao ya model town: barabara zimechorwa, unashikishwa kagari, unaambiwa toka hapa uende pale. Wengi hukremu tu. Examiner akigeuza swali kidogo, umeisha. Na huku nje ukikosea raundabauti hakuna kurudia.

Nikasema niwatengenezee gemu. Nilitumia H5P, kitu ya bure kutoka Norway, ndani ya programu inaitwa Lumi unaeka kwa laptop. Hapo unapata templeti, yaani fremu imejengwa tayari, wewe unajaza maneno na picha.

Nilianza na ile ya kuchagua jibu. Msee mmoja akapata alama zote, nikaskia fiti. Nikamuuliza mbona ulisimama pale? "Si ilikuwa ile ya katikati." Kumbe gemu ilikuwa inamwambia tu "umekosa, jaribu tena", so alibonyeza zote mpaka ikakubali.

Hapo ndio wengi hupotea buda. Unamaliza usiku ukichagua rangi na sauti, na kitu inafunza ni kile mtu anaona akikosa. Hiyo templeti haikuandikii.

Nikahamia ile ya hadithi yenye njia panda, wanaiita Branching Scenario. Uko na nduthi, unafika raundabauti, ndai iko ndani inatoka kulia kwako. Unapita, unasimama, ama unapiga honi? Ukipita, picha ya pili inaonyesha hiyo ndai iko mbele yako, na maelezo: yule anatoka kulia ndiye ana haki ya njia. Halafu haikurudishi kwa swali lile lile. Inakupeleka raundabauti ingine, umeingilia upande mwingine, jibu pia limehama. Hapo lazima ufikirie.

Bando nayo? Lumi inaweza kusave kila kitu kwa faili moja ya HTML, inafunguka kwa brauza hata ukiwa oflaini. Punguza saizi ya picha, video achana nayo.

Wa kabambe usiwasahau. Eneza Education walishaonyesha na Shupavu 291 kwamba somo na maswali yanaweza kupita kwa SMS. Hadithi yako ikiwa na A, B na C, unaweza kuianza kwa karatasi kabla ya laptop, na mimi huanzia hapo.

Raundabauti moja imenila usiku tatu. Bado junction mbili na kuparki. Testi yao ni Alhamisi.