Tunda la Miibani na Majina Yake

Katika milima ya Kivu, Rwanda na Uganda kuna mmea wa miiba utambaao juu ya vichaka. Wataalamu huuita Rubus. Tunda lake ni vitunda vingi vidogo vilivyoshikamana, kila kimoja na mbegu yake. Hata gorila wa milima ya Virunga huula mmea huo.

Wanyarwanda huliita tunda hilo inkeri, na Waganda nkenene. Neno rubus ni la Kilatini. Katika Biblia ya Kilatini ndilo jina la kile kijiti alichokiona Musa kikiwaka moto bila kuteketea.

Lakini siku hizi majina yanahama. Wengi wakisema inkeri, wanataja stroberi ya bustanini. Wakisema nkenene, wanataja forosadi. Basi mtoto hulijua jina asiujue mmea. Hapo pana hatari, kwa maana lantana, mgeni aliyetoka Amerika, naye ana miiba na vitunda vyeusi. Navyo vikiwa vibichi vina sumu. Jani la lantana ni zima, na likifikichwa hunuka sana. La Rubus kwa kawaida limegawanyika vijani vitatu au zaidi.

Enyi wazazi wa Mitwaba na wa kwingineko, mwendapo porini na watoto, waonyesheni kwanza mmea wenyewe, jani na mwiba wake, ndipo muwafundishe jina. Na asiyeujua mmea asile tunda lake.