Chunusi za ujana: Vipodozi vyaweza kuficha nini, na dawa zipi hutibu kweli?

Katika vichochoro vya Kikuubo na maduka yanayolizunguka soko la Owino jijini Kampala, kijana mwenye chunusi usoni hakosi mshauri. Muuzaji humtazama, huutaja ugonjwa wake, kisha hukoroga krimu mbili au tatu katika kopo lisilo na jina na kumwahidi uso laini baada ya wiki moja. Mara nyingi ahadi hiyo hutimia. Tatizo huanza baada ya hapo.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kwanza kujua kinachotokea ndani ya ngozi. Wakati wa balehe homoni huongezeka, kwa wavulana na kwa wasichana pia, na tezi zilizo chini ya vinyweleo huanza kutoa mafuta mengi kuliko zamani. Seli zilizokufa huchanganyika na mafuta hayo na kuziba tundu la kinyweleo. Ndani ya tundu lililozibwa, bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu huzaliana, mwili hupambana nao, na hapo ndipo uvimbe, wekundu na usaha huonekana. Baganda huziita embalabe. Katika Kiswahili cha pwani neno chunusi lina maana nyingine pia: ni jini wa majini anayesemekana kuwavuta waogeleaji chini. Aliye na umri wa miaka kumi na mitano na anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi huenda asione tofauti kubwa kati ya maana hizo mbili.

Chunusi si uchafu. Jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi kwa sababu wazazi wengi, kwa nia njema, huwaamuru watoto wao wajisugue kwa dodoki, sabuni kali, ndimu au dawa ya meno. Kusugua huchubua ngozi na kuongeza uvimbe. Kuosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali kunatosha.

Lipo pia suala la mafuta ya mgando. Nchini Uganda kujipaka mafuta baada ya kuoga ni adabu, na mtoto mwenye ngozi kavu huonekana kana kwamba hana wa kumtunza. Kwa miguu na mikono hakuna ubaya. Lakini mafuta mazito ya nywele yakishuka kwenye paji la uso huweza kuziba vinyweleo, na ndiyo maana baadhi ya vijana wana chunusi nyingi karibu na mstari wa nywele huku mashavu yakiwa safi.

Kuficha si kosa

Wapo wanaoamini kwamba kijana mwenye chunusi hapaswi kugusa vipodozi kabisa. Maoni hayo ni makali kupita kiasi. Shule nyingi za bweni haziruhusu vipodozi, lakini zipo likizo, zipo sherehe za kwanjula, na yapo mahafali ya Makerere. Mtu anayeficha uso wake kwa kiganja kila anapozungumza hapaswi kunyimwa nafuu ya siku moja.

La muhimu ni kuchagua vizuri. Faundesheni na poda zilizoandikwa kwamba hazizibi vinyweleo, na zisizo na mafuta, ni bora kuliko zile nzito za mgando. Mafunzo mengi ya video husema rangi ya kijani huondoa wekundu wa chunusi. Hilo ni kweli kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi kijani huacha kivuli cha majivu. Kwa ngozi zetu tatizo kubwa si wekundu bali madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona, na yanayoyafifisha ni tabaka jembamba la rangi ya chungwa chini ya faundesheni. Hupakwa kwa kubonyeza taratibu, si kwa kusugua. Kabla ya kulala, vyote huoshwa.

Kupata rangi inayolingana na ngozi nyeusi kulikuwa kugumu kwa muda mrefu. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Somalia aliyesoma Nairobi, alianzisha kampuni yake ya vipodozi mwaka 1994 kwa ajili ya wanawake waliosahauliwa na soko. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna iliingia sokoni na rangi 40 za faundesheni, na kampuni nyingine zikalazimika kufuata. Leo tatizo limebaki zaidi kwenye brashi na sponji. Vinapotumiwa kwa nyuso kumi kwa siku bila kuoshwa, huhamisha vijidudu kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mteja ana haki ya kuja na brashi yake.

Dawa, na subira

Kwa chunusi za kawaida, madaktari huanza na dawa za kupaka. Benzoili peroksaidi huua bakteria. Ile ya asilimia 2.5 au 5 hufanya kazi vizuri na hukera ngozi kidogo kuliko ile ya asilimia 10. Ikigusa taulo, foronya au sare ya shule huiondoa rangi. Adapalini, iliyo jamaa ya vitamini A, huzuia vinyweleo visizibe. Kiasi cha punje ya njegere hutosha uso mzima, usiku, na mwanzoni si kila siku, kwa sababu ngozi nyeusi ikikereka hubaki na madoa. Haifai kwa mjamzito.

Chunusi zikiwa nyingi na zenye usaha, daktari huweza kuongeza vidonge vya doksisaiklini kwa muda wa miezi mitatu hivi, pamoja na dawa ya kupaka. Kununua vidonge hivyo bila ushauri na kumeza kila chunusi inapochomoza ni njia ya kuzalisha bakteria sugu. Zile kali zaidi, zenye mafundo na makovu, hutibiwa kwa isotretinoini. Dawa hii ina nguvu kubwa na huleta ulemavu mzito kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo haitolewi kwa msichana au mwanamke bila kipimo cha mimba na njia ya uhakika ya uzazi wa mpango.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonyesha matokeo kabla ya wiki sita hadi kumi na mbili. Hapo ndipo kopo la dukani hushinda.

Kilichomo ndani ya kopo

Krimu nyingi za aina hiyo huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, na hung'arisha rangi ya ngozi. Baada ya wiki au miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, na chunusi mpya huota, nyingi na zenye kufanana. Mtumiaji akiacha, uso huwaka na kuvimba, naye hulirudia kopo akidhani ndilo lililokuwa likimponya.

Nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, ambazo Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, haliruhusu katika vipodozi. Zebaki hupenya ngozi na huharibu figo na neva. Anayelala kitanda kimoja na mtumiaji, hasa mtoto mchanga, naye huweza kuathirika.

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vya mikono na miguu vinavyowasha sana ni jambo tofauti. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 katika jarida la tiba la JAMA ulionyesha kwamba vipele vya aina hiyo kwa watu wenye virusi vya Ukimwi mara nyingi vilitokana na mwili kuitikia kupita kiasi kuumwa na wadudu. Chunusi za usoni za kijana hazimaanishi chochote kuhusu hali yake ya virusi, ingawa minong'ono ya mtaani husema vingine. Msichana mwenye chunusi sugu pamoja na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni anahitaji kupimwa homoni.

Hospitali ya Mulago ina kliniki ya ngozi. Nje ya Kampala, wagonjwa wengine huonwa na maafisa tabibu wa ngozi, baadhi yao wakiwa wamesomea katika kituo cha mafunzo cha kikanda kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992. Atakayekwenda abebe kila alichowahi kupaka, hata kopo lisilo na jina, na aeleze alilitumia kwa muda gani. Asiache ghafla krimu anayoishuku kuwa na steroidi kabla ya kuonana na mtaalamu, hasa ikiwa ameitumia kwa miezi mingi.