Kutembea Ufipa, Nchi Iliyotetemeka Mwaka 1910

Mtu akitaka kutazama mambo ya kale huambiwa aende Kilwa au Unguja, na ni haki. Leo lakini twapenda kuwachukua wasomaji wetu mpaka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, kwa kuwa huko yako mambo ambayo wapita njia huyakanyaga pasipo kuyajua. Jina la mji maana yake ni "tupa uchawi", na wengi hulifanyia mzaha. Sisi tutauacha mzaha, tuitazame ardhi.

Ufipa ni kama meza iliyoinuliwa kati ya mashimo mawili. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, nayo yote mawili yako chini ya Sumbawanga kwa futi zipatazo 3,000. Sababu yake ni kwamba hapa ardhi inavutwa huku na huku, polepole mno, kiasi cha milimita chache tu kwa mwaka. Ikivutwa hivyo hupasuka. Kipande kimoja hudidimia, na cha jirani hubaki juu. Ndiyo asili ya Bonde la Ufa. Walakini mwamba hauendi kila siku. Hujizuia miaka mingi, kisha huachia kwa ghafula.

Uliachia tarehe 13 Desemba 1910, yapata saa nane na nusu mchana, wakati wa utawala wa Wadachi. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 7.4, nalo ni mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kuandikwa na mashine katika Afrika. Nyumba kadhaa za namna ya Kizungu zilibomoka, na kuta zikapasuka kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa nini hizo hasa? Ukuta mrefu wa mawe au matofali ni mzito na haujui kupinda, ukisukumwa, huvunjika. Nyumba ya miti iliyofungwa kwa kamba na kuezekwa majani huyumba kama kikapu, tena hata ikianguka paa lake ni jepesi.

Mgeni akiuliza, "Basi tetemeko lenyewe liko wapi?" na aonyeshwe ufa wa Kanda. Ni kovu refu lipitalo juu ya uwanda kwa maili nyingi, mfano wa ngazi moja kubwa: upande huu nchi imeinuka, upande ule imeshuka. Wataalamu wengi huona kwamba huenda ndipo ardhi ilipokatika mwaka ule. Wala ngazi hiyo haikufanywa kwa siku moja. Ni kazi ya matetemeko mengi tangu zamani sana.

Akisha kuona hayo, na atafute malungu, yaani matanuru ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Ni marefu kupita mtu, na yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika kitanuru kidogo cha kusafishia chuma. Kwetu sisi hayo yashinda boma lolote. Hata hivyo boma la Kasanga pia linafaa kutazamwa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali Wadachi walipopaita Bismarckburg mpaka waliponyang'anywa Juni 1916.

Katika kutembea, mgeni asiache kuzitazama nyumba za sasa. Sumbawanga ya leo ni mji wa matofali na mabati. Bukoba nayo ilikuwa hivyo tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9, dogo sana kuliko lile la Ufipa, lilipoua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Matofali hayana kosa. Kosa ni kuta zisizofungwa pamoja. Mkanda wa zege wenye nondo, ukizunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha, huzishika kuta zisiachane pembeni. Fundi atakayeulizwa habari ya mkanda huo kabla ya msingi kuchimbwa ataweza kuueleza kwa dakika tano.

Mwisho wa safari uwe maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia, ambapo mto huruka ukingo wa bonde na kuanguka zaidi ya futi 700. Juu yake, upande wa Zambia, palichimbuliwa magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2023. Mwezi wa Mei wafaa: mvua imekwisha, njia zimekauka, na maji bado ni mengi.