Kumtunza Baba Anapotibiwa Saratani ya Tezi Dume

Baba yetu alipoanza kuchomwa sindano za homoni, sisi watoto tulidhani kazi yetu ni kumpeleka kliniki tu. Tulikosea.

Saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni ya kiume, testosteroni. Charles Huggins alionyesha jambo hilo mwaka 1941, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano, nyingi zikiwa za kila mwezi au kila miezi 3, huzuia mwili kutengeneza homoni hiyo. Haziondoi saratani iliyosambaa, bali huidhibiti, mara nyingi kwa miaka.

Lakini homoni ikishuka, mzee hubadilika: joto la ghafla, jasho la usiku, uchovu, huzuni, hamu ya tendo la ndoa kupotea, mifupa kudhoofika. Baba alinyamaza, nasi tukasema amekuwa mkali. Kumbe aliona haya mbele ya watoto wake. Mama ndiye aliyetufumbua macho.

Basi tufanye nini? Tusikose tarehe ya sindano. Tutembee naye kila siku, maana mazoezi mepesi hupunguza uchovu. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukiziba, tumkimbize hospitali siku hiyohiyo. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Mambo ya ndoa tumwachie yeye, mama na daktari.

Padre naye aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu.

Amri ya nne haituagizi tumponye baba. Inatuagiza tumheshimu, hata tunapombadilishia shuka usiku.